Ndiyo ya Mgonjwa Si Jibu

Mimi nilisukuma watu. Wengine watawaambia kwamba walitibu, waliongoza, walisimamia. Mimi nilisukuma. Miaka thelathini na moja nilisukuma burankari, kile kitanda cha magurudumu, kutoka wodini mpaka chumba cha picha, kutoka chumba cha picha mpaka chumba cha upasuaji, na siku nyingine mpaka kule chini ambako mtu harudi. Shule niliacha darasa la nne. Kilichosoma kwangu ni mikono.

Hospitali niliyofanyia kazi sitaitaja, maana waliomo sasa si wale wa wakati wangu. Juzi walinipigia simu nije niwasalimie vijana wapya. Kijana wa ofisini akasema, "Mukecuru, dakika kumi tu, uwatie moyo." Mukecuru ni bibi kizee, na hapa kwetu Kigali ni neno la heshima, kwa hiyo hilo halikuniudhi. Ziliniudhi zile dakika kumi. Chai yenyewe haichemki kwa dakika kumi kama makaa hayajashika. Na hiyo kazi ya kutia moyo siijui. Moyo mnao, ndiyo maana mmekuja kuajiriwa pale. Mimi nataka kuwatia wasiwasi.

Basi nimekaa kwangu Rwezamenyo, nasema, na mjukuu wangu Zulfa anawaandikia. Zulfa ni muuguzi, ana cheti chenye muhuri, na kama mnaona ninajisifu mmeona vizuri. Nimemwambia asininyooshee maneno sana.

Jambo moja nataka mlishike, hata mengine yakiwapotea. Mgonjwa wa kwetu huitika. Ukimwuliza wewe ndiye fulani, atasema yego, ndiyo. Ukimwuliza umeelewa, yego. Ukimwuliza hujala tangu jana, yego, na mchuzi bado uko kwenye ndevu. Si mwongo. Amelelewa hivyo. Mkubwa akikuita unaitika kwanza, mengine baadaye. Na hospitalini kila aliyevaa koti ni mkubwa, hata kama amezaliwa juzi na koti lenyewe ameazima.

Mimi nililijua hilo kwa makosa yangu. Sikuambiwa na mtu.

Nilikuwa bado mgeni kazini. Walinituma wodi ya wanaume nimlete Habimana, anakwenda kupigwa picha ya tumbo. Nikafika mlangoni, nikauliza kwa sauti, "Habimana ni nani?" Kimya. Nikamwendea mzee mmoja aliyekuwa karibu, amefungwa bendeji mguuni, nikamwuliza, "Mzee, wewe ndiye Habimana?" Akasema, "Yego, mwanangu." Nikamsukuma. Ile picha ya tumbo ya siku zile ilitaka utumbo uwe mtupu, kwa hiyo walimpeleka chumba cha pembeni wakamtia maji ya sabuni kwa nyuma, chombo kizima.

Hapa Zulfa amesimamisha kalamu. "Bibi, hilo la maji ya sabuni tuliandike kweli?"

"Andika. Yeye mzee alivumilia kutiwa, wewe huwezi kuvumilia kuandika?"

Mzee alipomaliza aliwashukuru. Alipotoka huko nikamwona anatembea kwa ncha za vidole kama mtu anayevuka tope, nikamwuliza kama yuko sawa. Akasema, "Iko sawa, mwanangu, ila sikujua mguu unatibiwa kwa njia hiyo."

Nilicheka. Ninyi pia mnacheka, najua. Sasa sikilizeni iliyobaki. Yule mzee alikuwa na kidonda kibaya mguuni, na asubuhi ileile ilikuwa zamu yake kwenda kusafishwa kidonda upasuaji. Walipomtafuta kitandani hakuwapo, alikuwa kwangu mimi na sabuni. Zamu ikapita. Ilikuwa Ijumaa. Jumamosi hapakuwa na mpasuaji, Jumapili vilevile, Jumatatu kidonda kilikuwa kimepanda. Badala ya kukisafisha, wakaukata mguu. Hakuna aliyeweza kusema kwa hakika kwamba ni kwa sababu ya zile siku tatu, na hakuna aliyeuliza. Mzee hakuambiwa kitu. Alikwenda kwao Rebero kwa magongo, na siku ya kuondoka akanitafuta aniage, akanipa mkono, akaniita mwanangu. Mkono ule bado ninao.

Nilimwuliza siku hiyo, "Mzee, kwa nini uliitika jina lisilo lako?" Akaniangalia kana kwamba mimi ndiye mgonjwa. "Wakubwa wameniita," akasema. "Ningekataaje?"

Aliyenifundisha cha kufanya ni muuguzi mkuu wa chumba cha upasuaji, Mama Konsolata. Alikuwa mfupi, mweusi wa kung'aa, na alikuwa na tabia ya kukusikiliza huku amefumba macho, kwa hiyo ulidhani amelala mpaka akushike kwenye uongo. Nilikwenda kumwambia habari ya mzee. Sikwenda kwa ushujaa, nilikwenda kwa sababu nilikuwa silali. Nilitegemea anifukuze.

Akafumba macho, akasikiliza. Kisha akaniuliza, "Ukienda sokoni, unamwuliza muuza maharage, maharage haya ni mapya, sivyo?"

"Hapana, Mama. Nikimwuliza hivyo atasema ndiyo."

"Unamwulizaje?"

"Namwuliza yamevunwa lini. Halafu natia mkono ndani ya gunia."

"Basi," akasema. "Kumbe unajua. Ulimwuliza mzee swali lenye jibu ndani. Ulimpa jibu mkononi, naye akakurudishia tu, kwa adabu. Kuanzia leo mgonjwa humwambii jina lake. Yeye ndiye anakuambia. Humwambii amekuja kufanyiwa nini. Yeye ndiye anakuambia. Na wewe unafunika karatasi kifuani mpaka amalize."

Hayo ndiyo masomo yangu yote. Niliyapata nimesimama, kwenye veranda, muda wa kula ndizi moja. Maswali matatu: Jina lako nani, lote? Baba yako aliitwa nani? Leo wanakufanyia nini, na upande gani? Kisha ndipo unafungua karatasi. Sisi hapa ndugu wa tumbo moja kila mmoja ana jina lake, na wasio ndugu wanafanana majina wodi nzima, kwa hiyo la baba lilinisaidia mara nyingi kuliko la mgonjwa mwenyewe.

Nikaongeza na langu. Kaka yangu Yusufu ni fundi cherehani huku kwetu, na chini ya cherehani yake hakukosekani vipande vya vitenge. Nikawa nachukua kipande, nakikata katikati. Nusu namfunga mgonjwa mkononi siku anapolazwa, nusu nabana na pini kwenye jalada lake. Nikija kumchukua nalinganisha. Ua likikutana na ua, ndege akikutana na mkia wake, twende. Kwa mtu anayesoma polepole kama mimi, hiyo ilikuwa kubwa. Wagonjwa waliipenda. Akina mama walikuwa wananichagulia rangi. Kuna mmoja alikataa cha kahawia, akasema hawezi kufa na kahawia mkononi.

Ilidumu miaka. Halafu akaja mtaalamu wa usafi, mwanamke kijana, akaona vile vitambaa akashika kichwa. Akasema nguo hubeba uchafu kutoka mgonjwa huyu kwenda mgonjwa yule, na jasho, na damu. Nilibishana naye wiki nzima. Leo nasema alikuwa na haki, na kukubali jambo hili kumenigharimu, kwa hiyo msilirudie mbele yangu. Kosa lake lilikuwa moja: aliondoa changu kabla chake hakijafika. Mikanda ya plastiki ya mkononi, yenye jina la mgonjwa, ilikuwa imeagizwa, iko njiani, iko stoo, iko kwenye sanduku, kila siku iko mahali. Wakati huo mikono ya wagonjwa ilikuwa mitupu. Kijana, ukiondoa ngazi mbovu, kwanza uwe umeleta nyingine. Mtu yuko juu.

Ni katika siku hizo ilipotokea habari ya akina Uwimana.

Wodi ya wanawake ilikuwa na Uwimana wawili, vitanda vinavyofuatana. Kitanda cha sita alikuwa Esperansi, mama wa watoto sita, anatokwa na damu mwaka mzima, ameamua na mume wake kizazi kiondolewe. Kitanda cha saba, karibu na mlango wa choo, alikuwa Solanji wa Kagarama. Miaka saba ameolewa, hana mtoto. Alikuwa na kivimbe cha maji upande wa kushoto, kwenye kifuko cha mayai, na madaktari walimwambia kikiondolewa huenda akashika mimba. Umri wao haukupishana sana. Mmoja atolewe kizazi, mwingine asaidiwe kukitumia. Siku moja, asubuhi moja, daktari mmoja.

Sasa tazameni adabu zetu. Esperansi, kwa ile damu, alikuwa anaamka kwenda choo mara nyingi, na kila akiamka anapita mbele ya kitanda cha Solanji akiomba radhi. Solanji akaona haya. Mwanamke mwenye watoto sita, mkubwa kwake, anatembea mbali na yeye msichana amelala karibu. Akamwambia, "Dada, njoo ulale hapa kwangu." Wakabadilishana. Mashuka walihamisha, thermos walihamisha, viatu walihamisha. Majalada yalibaki yananing'inia kwenye vyuma vya vitanda, maana majalada ni ya hospitali, hayaguswi. Ungewaona ungewapenda. Hakuna mtu aliyefanya baya.

Asubuhi daktari Anselimu akapita. Alikuwa mpasuaji mzuri, nasema hivyo mpaka leo, mikono yake ilikuwa myepesi. Akasimama kitanda cha sita, jalada mkononi. "Wewe ni Uwimana?" "Yego, muganga." "Tulizungumza jana, umekubali upasuaji?" "Yego." "Una wasiwasi?" Solanji akasema hapana, ambalo ndilo neno pekee la uongo alilosema pale wodini. Wakamchoma sindano ya kumtuliza. Nikaitwa.

Wodini kulikuwa na haraka, na muuguzi akanisukuma mimi kabla sijasukuma burankari. "Peleka, Mama Zaina, muganga ameshanawa mikono." Nikapeleka. Mgonjwa hutangulia miguu, kichwa kiwe upande wako unayesukuma, umwone uso. Wengi siku hizi wanasukuma wanaangalia simu. Mimi naangalia mdomo. Mtu anayezidiwa, mdomo hubadilika kabla ya macho.

Nilipofika kwenye korido tulivu, karibu na mlango wa upasuaji, nikamwinamia. Nikafunika jalada kifuani.

"Mama, jina lako nani, lote?"

"Uwimana Solanji." Ulimi ulikuwa mzito kidogo.

"Na leo wanakufanyia nini?"

Akatabasamu. "Wananitoa kivimbe. Kushoto. Nipate mtoto."

Nikafungua jalada. Mimi nasoma polepole, lakini herufi ya kwanza naiona kama mtu yeyote. Jina la pili lilianza na E. Na chini yake palikuwa na lile neno refu la kitaalamu linaloanza na H. Sikuweza kulitamka wakati ule na siwezi leo, lakini sura yake niliijua, maana nilikuwa nimewasukuma wanawake wengi waliokuwa nalo, na nilijua wanarudi bila nini.

Nikafunga breki za magurudumu. Zote nne. Kisha nikasimama mlangoni, nao mwili wangu wa siku zile ulikuwa unaenea mlango.

Muuguzi wa ndani akafungua. "Mbona umesimama?"

"Huyu siye."

"Siye nani?"

"Siye wenu."

Akamwita daktari. Daktari Anselimu akaja na mikono juu, glavu tayari, macho tu yanaonekana juu ya barakoa. "Zaina, sogea."

"Sisogei, muganga."

"Tuna watu wanne asubuhi hii. Nimemwona mimi mwenyewe wodini. Nimemwuliza."

"Ulimwuliza nini?"

"Nilimwuliza kama yeye ni Uwimana. Akasema ndiyo. Wewe umekuwa daktari lini?"

Watu wakacheka kidogo kule ndani. Mimi damu ilinipanda mpaka masikioni. Nilikuwa mjane, na watoto wa marehemu binti yangu walikuwa wanakula kwenye mikono yangu hii, Zulfa akiwemo, wakati huo bado ananyonya kidole. Nililijua hilo nikiwa nimesimama pale. Nikasema, "Muganga, njoo unitazame nikimwuliza na mimi."

Nikamgeukia Solanji. Nikafanya sauti yangu iwe kama ya mkubwa, ngumu kidogo, yenye haraka, kama yao.

"Mama, wewe si ndiye mama wa watoto sita?"

Solanji akatuangalia. Barakoa, taa, mikono iliyoinuliwa. Akasema, "Yego."

Daktari akanitazama kwa ushindi. Nikamwambia, "Ngoja." Nikainama tena, nikamshika bega, nikasema kwa sauti yangu ya nyumbani, "Mama, una watoto wangapi?"

Machozi yakamtoka, yakaenda upande wa masikio kwa vile alikuwa amelala chali. "Sina hata mmoja," akasema. "Si ndiyo maana nimekuja?"

Daktari Anselimu alishusha mikono, na mpasuaji akishusha mikono namna ile mjue glavu zimeharibika. Akachukua jalada kwangu. Akalisoma. Akalisoma tena. Kisha akasema polepole, si kwangu wala kwa mtu, "Mrudishe wodini."

Nikafungua breki.

Mnadhani nilipewa zawadi. Kesho yake niliitwa kwa mkurugenzi. Alikuwa na barua imeshaandikwa kwamba ninaomba radhi kwa kumzuia daktari kazini na kumwaibisha mbele ya wafanyakazi. Mahali pa sahihi yangu palikuwa pamewekwa alama, maana walidhani sijui hata kuweka sahihi.

Nikamwuliza, "Na Solanji ameambiwa?"

"Ameambiwa nini? Hakuna kilichotokea. Mama Zaina, usiende kumsemesha yule mgonjwa. Wakili amesema akijua atatupeleka mahakamani."

Nikamwambia nilichokuwa nakiamini na bado nakiamini. Mtu hakupeleki mahakamani kwa sababu ulimwambia ukweli ukiwa umekaa kando ya kitanda chake. Anakupeleka siku anapousikia kwa mfagiaji, au kwa shemeji yake, au kwa mgonjwa mwenzake. Hapo hakuna wakili atakayekuokoa, kwa sababu kilichokuwa kosa sasa kimekuwa siri. Nikamweleza mzee wa Rebero, zile siku tatu, ule mguu. Mkurugenzi akasema, "Hayo ni ya zamani." Nikasema, "Mguu wake haujaota."

Akasukuma barua kwangu. "Weka sahihi, mambo yaishe."

"Nitaweka," nikasema, "lakini ongeza mstari mmoja. Andika nilimzuia daktari ili Uwimana Solanji asitolewe kizazi. Ukiandika hivyo naweka sahihi hapahapa, na kidole gumba juu, na uibandike mlangoni."

Hakuongeza. Sikuweka sahihi. Barua ile haikuwekwa sahihi mpaka nilipostaafu, na kama bado iko kwenye kabati lao, bado haina sahihi. Sikuomba radhi wakati ule, siombi leo, na nikifa Zulfa asiniombee radhi kwa niaba yangu.

Nilitolewa kwenye burankari nikapelekwa chumba cha kufulia. Kufua mashuka ya hospitali ni kazi ya heshima na waliokuwa humo walikuwa watu wa maana kuliko wa ofisini, lakini mimi nilipelekwa kama adhabu, na kila mtu alijua. Watu niliowasaidia miaka mingi walinipita koridoni wakiangalia saa.

Siku ya tano akaja Solanji na mume wake, ameshika thermos ya chai ya maziwa. Alikuwa ameshafanyiwa upasuaji wake, ule wa kweli, anatembea ameshika ubavu wa kushoto. Akaniambia daktari Anselimu mwenyewe alikuja, akavuta kiti, akawaeleza yote, jinsi ilivyokuwa, na jina la mtu aliyemzuia. Mkurugenzi hakujua mpaka ilipokwisha.

"Mume wangu alikasirika," akasema.

"Nilikasirika," mume akasema. "Niliinuka nimpige. Halafu nikaona ananingojea nimpige. Nikakaa."

Hawakwenda mahakamani. Waliuliza jambo moja tu: mtafanya nini yasimpate mwingine? Na hilo ndilo swali ambalo kila mgonjwa anayo haki nalo, na kila hospitali inalikimbia.

Solanji akanishika mkono. "Mama, nisamehe. Kosa ni langu. Mimi ndiye niliyeitika."

Hilo liliniudhi kuliko barua. Nikamwambia, "Mwanangu, adabu si kosa. Umempa dada kitanda, umemwitika daktari. Ungekuwa wangu ningejivunia. Kazi ya kujua wewe ni nani ilikuwa yetu."

Baadaye, sijui miezi mingapi, daktari Anselimu alikuja mwenyewe kufulia. Alisimama katikati ya mashuka mabichi na koti lake jeupe, hajui aweke wapi miguu. Akasema, "Mama Zaina, nimekuwa nikiuliza kwa namna yako. Wiki hii mmoja alikuwa na ngiri ya kulia, karatasi imeandikwa kushoto. Nimemwambia mkurugenzi kwamba mimi sifungui tumbo la mtu asiyeletwa na wewe."

"Na yeye amesemaje?"

"Amesema wewe ni kichwa ngumu."

"Hajakosea," nikasema, nikanawa povu.

Nikarudi kwenye burankari, na tangu hapo kila mgonjwa alisimamishwa mlangoni, na wote waliokuwemo ndani walinyamaza mpaka aseme mwenyewe jina lake na alichokujia. Mikanda ya plastiki nayo ilifika. Sasa mna kompyuta, mna kimashine kinacholia tii kikisoma mkanda. Vizuri. Lakini nimeona kwa macho yangu mtu anasoma mkanda uliokuwa mezani, umekatwa kwa sababu mkono ulivimba, na mashine ikalia tii kwa furaha. Mashine nayo ni kama mgonjwa wa kwetu, ukiiuliza unavyotaka inaitika. Mwulizeni mtu. Fungeni breki kabla ya kuuliza, maana mtu anayetembezwa hudhani jibu limeshatolewa. Mwinamieni. Na mkisimamishwa mlangoni na mfagiaji, au mpishi, au msukumaji mwenye darasa la nne, msiulize amekuwa daktari lini. Ulizeni ameona nini.

Nitawaambia la mwisho, na hili Zulfa hakulijua mpaka leo.

Mwaka huu jicho langu la kushoto lilipata mtoto wa jicho, nikapelekwa hospitali nyingine kufanyiwa upasuaji. Zulfa akabaki nje. Nikalazwa juu ya burankari, mara ya kwanza maishani kulala juu yake badala ya kuisukuma. Ndipo nikajua mgonjwa anaona nini: anaona taa zinapita, na matundu ya pua za watu. Walikuwa wamenivisha ile nguo iliyo wazi mgongoni. Mtu aliyevaa nguo iliyo wazi mgongoni hana ubishi, ujuavyo.

Mlangoni akaja kijana wa kiume, msafi, mpole, ana haraka. Akaangalia karatasi. "Bibi Zaina, ni jicho la kulia, sivyo?"

Na mimi, baada ya miaka thelathini na moja, baada ya mzee na sabuni, baada ya Solanji, baada ya barua na mashuka, nikasikia sauti yangu ikisema, "Yego."

Lilitoka lenyewe. Aliniita bibi kwa adabu, nikamwitika kwa adabu. Burankari ikasogea hatua mbili, tatu. Nililala pale naangalia taa, na aibu ikanijia, na nyuma ya aibu ikaja hasira, na hasira ndiyo rafiki yangu wa siku zote. Nikanyoosha mkono nikamkamata yule kijana mkono wa koti.

"Mwanangu, simama. Nilichokuambia kifute."

"Kuna nini, bibi?"

"Umeniuliza vibaya na mimi nimekujibu vibaya. Niulize upya. Na safari hii usinipe jibu."

Akaniangalia. Nilidhani atamwita mkubwa wake. Lakini alikuwa na akili yule, akaweka karatasi kifuani, akainama mpaka uso wake ukawa karibu na wangu.

"Bibi, jina lako nani, lote? Na leo tunakutibu wapi?"

Nikamwambia.

Akafungua karatasi, akaisoma. Kisha nikasikia chini yangu breki zikifungwa, moja, ya pili, ya tatu, ya nne.